Kukataa kwa Kiingereza

Greyville, Durban
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti limetulia, na baridi ya Usangi haikuchapi kama ilivyokuchapa mwaka jana. Mama naye mpe shikamoo yake, na umwambie kitenge alichoagiza kimepatikana, kimo kwenye mzigo wa Clara. Huyu Clara ndiye atakayekukabidhi barua hii mkononi. Ni binti wa Ugweno, tunasali pamoja hapa, anakuja kula Krismasi na wazazi wake. Usimwache aondoke bila kula, maana ana aibu na atakwambia ameshiba hata kama tumbo linamsuta. Ukiniuliza mimi, mwili ni mzima, nakula, nalala, na hasira yangu nayo ni nzima kabisa.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati tuna grupu la familia kwenye simu. Grupu lina watu wengi, Baba, na kuna mmoja ambaye sitaki ayasome haya kabla yako. Halafu ule ujumbe wako wa mwezi uliopita ulikuwa na maneno mawili tu, "Kubali yaishe", na majibu yake hayaenei kwenye simu. Ulidhani nimenyamaza kwa jeuri. Haya, jeuri ilikuwepo kidogo, lakini jeuri yenyewe nimeirithi, na nitakueleza niliirithi kwa nani. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu yeyote.

Unajua kwamba nilikuwa kwenye kiwanda cha kufungasha bizari, kule Mobeni kwenye viwanda. Kazi nilitafutiwa na kaka Gadiel, ambaye ndiye kiongozi wa laini yetu, na kila ukipiga simu hukosi kunikumbusha hilo. Kwenye laini kuna mashine yenye taya za moto zinazoziba pakiti. Pakiti ikikwama kati ya taya, mtu anabonyeza kitufe chekundu, mashine inasimama, mwenye vidole vyembamba anaingiza mkono na kuitoa. Vitufe viko pande zote mbili za mashine, chekundu na cha kijani huku, chekundu na cha kijani kule. Kwa hiyo tuna utaratibu wetu. Anayeingiza mkono anapiga kelele "Iko mkono!", na ukishatoka anasema "Sharp!", na hapo tu ndipo mtu anaruhusiwa kugusa kijani. Hilo la "iko mkono" ni Kiswahili cha Wakongo, wewe ungelisahihisha, lakini kwenye laini yetu hata Wazulu wanalisema na linafanya kazi yake.

Mwenye vidole vyembamba ni Spès. Ni Mrundi, tumepanga naye chumba kimoja hapa Greyville, tunapika sufuria moja, na akiimba asubuhi jirani wanagonga ukuta. Siku ile pakiti ilikwama, nikabonyeza chekundu cha upande wangu, Spès akapiga kelele yake kama kawaida, akaingiza mkono. Kabla hajasema sharp, mashine ikawaka. Sitakuandikia mlio alioutoa. Nilirukia chekundu tena, taya zikaachia, nikamshika asianguke. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimebanwa na kuungua, na bizari imeingia humohumo.

Sasa, Baba, mtu wa kwetu akiona mwenzake ameumia anasema nini? Anasema pole. Nilisema pole mpaka mate yakanikauka. Na kwa kuwa wasimamizi walikuwa wameshatuzunguka, na kiwandani tunahimizwa kuongea Kiingereza, pole nyingine zikanitoka kwa Kiingereza: "Sorry, Spès, sorry, sorry sana." Kesi yangu yote ilianzia hapo.

Maana Waingereza, na maneno yao yote yaliyojaa kamusi, hawana pole. Sisi anayejikwaa tunampa pole, anayefiwa pole, anayerudi kutoka kazini pole, hata aliyelowa mvua. Samahani iko mbali kabisa, hiyo ni ya mkosaji. Wenzetu wamevitia vyote kwenye chungu kimoja wakakiita sorry, na ukimwonea mtu huruma kwa sauti, wao wanasikia umekiri.

Niliitwa ofisini. Alikuwepo meneja, alikuwepo Bwana Cele wa utumishi, na upande wangu alikaa MaKhumalo, mama mmoja wa Kizulu ambaye ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mwenye kifua cha kuimba kwaya na asiyemwogopa mtu. Bwana Cele alianza kwa kuniuliza jina langu maana yake nini. Nikamwambia Sikujua ni "I did not know". Meneja akacheka, akasema hiyo nayo haiwezi kuwa utetezi. Baba, hilo jina mlinipa wewe na Mama, siku moja mtanieleza mlikuwa mnawaza nini.

Kisha wakasema yuko shahidi aliyeniona nikibonyeza kijani, na kwamba mara baada ya kubonyeza nilimwomba Spès msamaha mara nyingi, mbele ya watu. Nikasema ile haikuwa samahani, ilikuwa pole. Wakaniuliza pole ni nini kwa Kiingereza. Nikatafuta, nikatafuta, nikakosa, nikasema ni sorry. Unaona nilivyojichimbia. MaKhumalo akapiga meza, akasema huyu binti alikuwa anasema phephisa, hakusema uxolo. Kumbe Wazulu wanayo yote mawili kama sisi, phephisa ya kumpoza aliyeumia na uxolo ya kuomba radhi! Bwana Cele mwenyewe ni Mzulu, akacheka bila kupenda, akasema eish, hapo nimemwelewa vizuri. Lakini meneja akasema kikao kinaandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza sorry ni sorry, tuendelee.

Hapo Bwana Cele akaniuliza kama nina-"deny". Neno hilo nilikuwa nimelisikia kanisani tu, kwenye habari za Petro na jogoo, na sikutaka kufananishwa na Petro. Mimi kukataa kwa Kiingereza nilikuwa najua neno moja, lile la watoto kukataa uji. Nikamjibu: "I refuse." Akauliza tena polepole, labda akidhani sijasikia. Nikasimama kabisa, nikasema "I refuse! I refuse!" MaKhumalo akanivuta sketi nikae. Wakaandika kwamba mtuhumiwa amegoma kujibu.

Uamuzi ulitoka palepale. Nikisimama Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, nikasema kwamba mimi ndiye niliyebonyeza na ninaomba radhi, nitapewa onyo na nitaendelea na kazi. Nisiposema, kazi sina. Bwana Cele alinisindikiza mlangoni akaniambia kwa upole kwamba ni sentensi fupi tu.

Kila mtu aliniambia hivyo, kwamba ni fupi. Gadiel alikuja kutoka kwake Chatsworth na kuku wa kukaanga, akakaa ukingoni mwa kitanda cha Spès, ambaye alikuwa bado hospitali, akanisihi nikubali. Alisema ni maneno tu, tena ya Kiingereza, hayana uchungu wowote kinywani mwa Mpare. Alisema nifikirie nyumbani. Hata kuku mwenyewe hakumgusa. Jioni hiyohiyo ukaingia ujumbe wako wa kubali yaishe, nikajua mmeshaongea. Nililia, Baba, nakwambia ukweli. Sikulia kwa ajili ya kazi, nililia kwa kuwa uliniamulia bila kuniuliza kama nilifanya.

Jumamosi nilikwenda kwa Léonce. Huyu ni Mkongo anayetufundisha Kiingereza wageni kwenye ukumbi wa kanisa, bure, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa, na akifurahi anasema "voilà" mpaka madirisha yanatikisika. Nilimweleza yaliyonipata akashika kichwa. Akanifundisha kwamba Waingereza wameligawa kukataa vipande viwili. Jambo likiwa limeshapita, na watu wanasema umelifanya na wewe hukulifanya, hapo una-deny. Jambo likiwa bado liko mbele, wanataka ulifanye na wewe hutaki, hapo una-refuse. La kwanza linahusu ukweli, la pili linahusu utashi wako. Mimi ofisini niliulizwa kuhusu ukweli nikajibu kwa utashi. Nikamwuliza mbona wamejisumbua hivyo wakati sisi neno moja linatutosha. Akasema kwa Kifaransa nako yapo mawili, basi tuwasamehe wote.

Nikamwuliza na kubali. Hapo akacheka zaidi, maana kubali kwa Kiingereza ina milango mitatu. Iko "agree", unapoafikiana na mtu. Iko "accept", unapopokea kitu, hata kama hukipendi. Iko "admit", unapokiri kosa. Nikarudi nyumbani na ujumbe wako kwenye simu nikiutazama, nikijiuliza Baba yangu ananipitisha mlango upi. Gadiel alinisihi kama mtu anayesema accept, pokea tu mambo yapite. Kiwanda kilitaka admit. Katikati ya hayo mawili ndimo walimotaka kunizika, na koleo ni neno la lugha yangu mwenyewe.

Jumatatu nikasimama. Tulikuwa tumevaa vile vikofia vya kuzuia nywele, mistari kwa mistari, meneja mbele, Bwana Cele pembeni, na kaka Gadiel amesimama mbele ya laini yake akitazama viatu vyake. Sauti ilitoka. Nikasema: "I deny it. I did not press green. And I refuse to apologise." Kila neno nililiweka mahali pake, na nilimwona Bwana Cele akinyanyua macho. Kisha nikasema Spès nampa pole, na nikalisema kwa Kiswahili makusudi, na MaKhumalo kutoka nyuma akaitikia kwa sauti yake ya kwaya, "Phephisa, Spès!", na wanawake wote wa laini ya pilipili wakaipokea.

Ndipo meneja akaniuliza, mbele ya wote, kama siye mimi basi ni nani. Aliniambia nikitaja jina, kazi yangu nabaki nayo leoleo. Nikamwambia: "That one also I refuse." Sikusema sijui. Sikusema sikuona. Nilikataa kwa neno lile la pili, la utashi, na nilikuwa na haki nalo. Mchana nikakabidhi buti na kikofia, nikapanda teksi nikarudi Greyville. Baba, mwanao hana kazi, na hajawahi kutembea ameinua kichwa namna ile.

Sasa nifike kwenye jeuri. Unakumbuka ile kesi ya ndiva? Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Walisema umelifungulia bwawa la kumwagilia siku isiyo ya zamu yetu, maji yakaja kwenye migomba yako, na faini ilikuwa mbuzi mmoja. Ba'mdogo alikuja kukusihi ukubali yaishe, mbuzi si kitu. Ulimwambia hutatoa mbuzi kwa maji ambayo hukuyafungulia. Ukauza ng'ombe ili upate nauli ya kupanda na kushuka mahakamani Mwanga, Mama akakununia, na mtaa mzima ukatucheka kwamba hawa ndio Wapare wenyewe, wanauza ng'ombe kumwokoa mbuzi. Uliposhinda hukudai hata fidia, ulitaka tu isemwe mbele ya watu kwamba siye wewe. Mtu huyohuyo leo ananiambia kubali yaishe? Nakataa, Baba. Nimekupenda maisha yangu yote na hili nakataa.

Na ninakataa kwa sababu ninayo ya kukwambia, ambayo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Aliyebonyeza kijani ni Gadiel.

Nilimwona. Alikuwa upande wa pili wa mashine, ana vidude vya muziki masikioni, anasukumwa na meneja amalize mzigo uliokuwa unasubiriwa na lori. Hakusikia "Iko mkono". Aliona mashine imesimama, akabonyeza. Hakukusudia, na ningeapa hivyo mahali popote. Mimi na yeye tulitazamana kupitia mashine huku Spès analia, na alijua kwamba nimeona. Kosa hilo ningemsamehe kabla jua halijazama. Lakini yule shahidi niliyekutajia, aliyewaambia kwamba niliomba msamaha, ni yeye. Gadiel, aliyezaliwa na pole nyumbani kwako, aliyefundishwa na Mama kumpa pole hata aliyebeba kuni, alikwenda ofisini akawatafsiria pole yangu kuwa samahani. Anaijua tofauti kuliko mtu yeyote katika kile kiwanda, na ndiyo hiyo aliyoiuza. Hapo ndipo aliponiumiza.

Utauliza mbona sikumtaja. Sikutaka jina la mwanao litoke kinywani mwangu mbele ya watu, nilitaka litoke kinywani mwake. Sitamsemea na sitambebea. Hayo mawili nimeyachagua na nimeyalipia kwa kazi yangu.

Spès anajua. Nilimwambia hospitali, kwa sababu mkono ni wake na sikuweza kulala chumba kimoja naye nikiwa nimefunga mdomo. Alilia, kisha akauliza kama Gadiel atakuja. Amerudi nyumbani sasa, kidole kimoja kinakunjika, kingine hakitaki. Pole amezipata nyingi, anasema zimemtosha, anachongoja ni samahani moja kutoka kwa mwenyewe. Amesema atangoja mpaka bandeji ifunguliwe, na bandeji itafunguliwa mara baada ya Mwaka Mpya. Gadiel asipokuja, atakwenda ofisini na MaKhumalo akaseme ni nani aliyebonyeza kijani bila kungoja sharp yake. Mimi sitamzuia. Nitamshikia mwavuli.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu, Baba, na sijakuomba kitu tangu nivuke mpaka. Ule ujumbe ulionitumia mimi ulikuwa ni wa mtu mwingine, ulikosea njia. Uchukue ulivyo, usiongeze neno, umtumie Gadiel: "Kubali yaishe." Akikuuliza kubali ipi, mwambie ile ya mlango wa tatu.

Usihangaike juu yangu. MaKhumalo amenipatia siku kadhaa za kushona na binamu yake, na Léonce ananiambia nikimaliza vitenzi nitaweza kusimamia darasa la wanaoanza. Wasalimie Ba'mdogo na wote wa upande wa juu. Mama mwambie nampenda, na kwamba nilisimama wima. Mungu akulinde mpaka tutakapokaa tena sebuleni kwako, wote, tukiwa tumeshaambiana ukweli.

Ni mimi binti yako,
Sikujua,
ambaye tangu siku ile alijua.